Sura ya Tisa: Hewa Inaposhuka Korongoni

Inspekta Jepleting hakujua kukaa. Hata siku ya amani alikalia ncha ya kiti, na leo amani ilikuwa haipo kabisa. Alikuwa ameizunguka yadi ya vyuma chakavu ya Muturi mpaka mbwa wa humo wakachoka kumbwekea. Alipiga mapipa teke, akainua mabati, akachungulia ndani ya tumbo la trekta bovu. Alichokuwa akitafuta ni mtungi wa klorini, mrefu kumshinda yeye, wa kuinuliwa na wanaume wanne wenye afya zao. Kitu cha namna hiyo hakifichwi chini ya bati.

"Kama uko hapa, madam, basi Muturi aliumeza," alisema Konstebo Kipngetich, akipangusa kutu mikononi.

Jana alfajiri gesi ilikuwa imeingia katika nyumba zilizo kando ya korongo, juu ya senta ya Dundori. Cucu Wamaitha, bibi kizee wa hapo korongoni, alikuwa akikamua. Majirani walimkuta amelala ubavuni mwa ng'ombe wake, wote wawili wameshakufa, na ndoo ya maziwa imesimama wima bila kumwagika hata tone. Wengine walikimbizwa Nakuru wakikohoa damu. Daktari alitaja klorini, na hapo kila mtu akakumbuka mtungi ulioibwa kwenye mradi wa maji mwanzoni mwa mwezi. Nani hununua vyuma vya wizi? Muturi! Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshatupwa selo.

Langoni vijana walikuwa wamesimama na jerikani za petroli. Mke wa Muturi, Wariara, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu na mtoto mgongoni.

"Madam, mzee wangu akipelekwa korti, hawa watachoma hapa," alisema. "Wameniambia nitoe vitanda mapema. Wameniambia kwa upole hivi, ni kama wananisaidia."

"Muturi hununua vitu vya wizi?"

"Hununua." Wariara hakutazama pembeni. "Na huchoma nyaya hapa mchana, moshi unaenda kwa watu, wanatutukana. Hiyo sikatai. Lakini mtungi wa gesi hatujawahi kuuona, haki ya Mungu."

Simu ya Jepleting ikalia. Alikuwa OCS Mwaura, mkuu wa kituo chao cha polisi, na kama kawaida yake alianza kuongea kabla simu haijafika sikioni.

"Unatafuta nini tena huko? Mshukiwa tunaye. Shahidi tunaye, Peterson Kihara, mtu wa heshima. Na sasa nimepata hata ripoti ya hali ya hewa. Upepo ulitoka upande wa Ziwa Nakuru ukapanda Dundori. Kutoka kwa Muturi huko chini moja kwa moja mpaka kwa huyo mama. Kesho asubuhi yuko kortini."

"Na mtungi, afande?"

"Atatuonyesha."

"Ameulizwa mchana na usiku. Hajui."

"Hajui ama hataki?"

Simu ikakatwa. Jepleting aliitazama kama imemtukana. Hilo swali ndilo lililomnyima usingizi. Kama Muturi hataki, shida ni ya Muturi. Kama hajui, basi mtungi uko mahali pengine, bado una gesi, na hakuna hata mtu mmoja anayeutafuta isipokuwa yeye na Kipngetich.

"Washa gari," alisema. "Nataka kumwona aliyeandika hiyo ripoti."

*

Kituo cha hali ya hewa kilikuwa kiwanja kidogo chenye nyasi zilizokatwa vizuri, mlingoti wenye vikombe vinavyozungushwa na upepo, na kisanduku cheupe cha vipimajoto. Linah Chepkosgei, mtaalamu wa hapo, alisoma ile ripoti kwenye simu ya Jepleting, akacheka kwa pua.

"OCS wako alituomba upepo wa jana, akapewa wa jana. Hii ni ya saa tisa mchana."

"Si ni siku moja?"

"Siku ni moja, dadangu, lakini hewa si moja. Kaa chini."

Jepleting hakukaa. Linah alishusha pumzi, akaanza kumweleza akiwa amesimama vilevile. Mchana jua hupasha mteremko moto, na hewa hupanda kutoka upande wa ziwa kuja juu. Ndiyo maana Muturi akichoma nyaya baada ya chakula cha mchana, watu wa korongoni hufunga madirisha. Usiku, anga ikiwa wazi, ardhi hupoa upesi, na hewa iliyoigusa hupoa pia, ikawa nzito, ikateremka polepole ikifuata makorongo.

"Kwa hivyo alfajiri kitu cha Muturi..."

"Kingeshuka kuelekea Nakuru mjini. Kupanda, hapana."

Jepleting alizunguka meza. Aliona jambo likija na hakuliamini bado. Alishawahi kuona wataalamu wakipotosha kesi kwa maneno matamu.

"Hiyo ni hadithi ya kila usiku," alisema. "Mimi nataka jana."

Hapo Linah alifungua kompyuta. Jana, vipimo vya kabla ya jua kutoka vilionyesha vikombe vya mlingoti vikizunguka kwa shida, anga haina wingu hata moja, na baridi iliyoshuka mpaka nyasi zikashika barafu. "Mimi sihitaji mashine kubwa," alisema. "Nipe kasi ya upepo, nipe mawingu, niambie kama ni mchana au usiku. Kwa hayo matatu nakwambia hewa inatawanya uchafu kiasi gani. Tumeyapanga makundi, A mpaka F. A ni jua kali la mchana, moshi unapeperuka ovyo, ukienda mita mia moja haunuki tena. F ni usiku mkavu usio na upepo. Hapo kitu hakitawanyiki. Kinatembea chini chini kikiwa kimoja, chembamba, mbali sana."

"Na jana?"

"F. Tena F mbaya."

Jepleting alitoa kalamu, akachora korongo nyuma ya karatasi ya maandazi: nyumba ya juu kabisa, iliyopigwa na gesi peke yake huku jirani yake wa hatua chache akilala usingizi mzuri, halafu kwa Cucu Wamaitha, halafu chini zaidi, ambako nyumba kadhaa zilipigwa pamoja. Linah aliitazama bila utani tena. Alipima upana wa ukanda ule juu na chini, akalinganisha na mchoro wake wa kundi F, akafanya hesabu.

"Inaanza nyembamba, inapanuka ikishuka. Chanzo kiko juu ya nyumba hii ya kwanza. Si mbali. Kilomita moja haifiki."

"Una uhakika?"

"Ni makadirio, sikudanganyi. Umbali naweza kukosea. Upande siwezi."

Juu ya nyumba ya kwanza kulikuwa na mashamba machache na banda kubwa la kuoshea karoti, mali ya Peterson Kihara. Peterson ndiye shahidi. Alikuwa ameandikisha kwamba alilala shambani, akaamka kabla ya jua, akaona moshi wa kijani ukitoka kwa Muturi na kupanda mpaka kwa Cucu.

"Ukapanda?" Linah aliposimuliwa alishika kiuno. "Alfajiri ya jana? Alikuwa amesimama Mombasa ama wapi? Mtu anayeamka huku kukamua huona ukungu ukishuka kila siku. Huyo ni mtu wa kuja jua likishapanda, akanusa nyaya za Muturi mchana, akafikiri hewa hukaa hivyo siku nzima."

Peterson aliishi mjini Nakuru. Kila siku alifika Dundori kwa gari lake akishakunywa chai. Jana alfajiri hakuwa Dundori kabisa, na bado alikuwa amejitungia moshi. Mtu hajitungii moshi bure.

Jepleting alimtuma Kipngetich kule bandani, akampigia baada ya muda. Sauti ya konstebo ilikuja na upepo ndani yake.

"Madam, niko kwa banda. Kuna karoti na maji. Sakafu imeoshwa leo mpaka inang'aa. Lakini nyuma ya ukuta nyasi zimekuwa nyeupe, kama zimechemshwa. Kitu kilikaa hapa, sasa hakiko. Alama za trela zinafika barabarani, halafu changarawe ya murram imezimeza."

"Endelea kutafuta. Mashimo, mabwawa, stoo, kila kitu."

"Huku mashimo ni mengi, madam, kila shamba lina la sileji, la kuhifadhi lishe ya ng'ombe. Tutamaliza kesho."

Jepleting alimgeukia Linah. "Leo itakuwaje?"

Linah alitoka nje, akatazama juu, na Jepleting akatazama naye. Anga ilikuwa nyeupe na safi kutoka Menengai mpaka milima ya Aberdare.

"Usiku wa kuamkia leo kulikuwa na mawingu na kaupepo, mlibahatika. Leo hakuna. Jua likizama upepo utalala, hewa itageuka. Itakuwa kama jana, labda mbaya zaidi." Akamwona Jepleting amebadilika uso. "Ni nini?"

"Matanga," Jepleting alisema. "Jioni hii kijiji kizima kitakuwa kimeketi kwa Cucu Wamaitha."

*

Watu walikuwa wameshajaa kwa Cucu. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye mti wa parachichi, viti vya plastiki vimepangwa, na akina mama wa kanisa wamepika githeri ya mahindi na maharagwe, na chai, kwenye mafiga mdomoni mwa korongo. Vijana wenye jerikani nao walikuwepo, wameziacha kando ya ua kwa heshima ya marehemu. Mbele, kofia mkononi, alisimama mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nani mwingine? Peterson Kihara.

Jepleting alijaribu njia iliyonyooka kwanza. Aliomba kipaza sauti, akawaambia wafiwa kwamba gesi inaweza kurudi jioni hii, kwamba wote wahamie kanisani, juu ya barabara. Walimzomea.

"Unatufukuza kwa matanga ya mzazi wetu ndio uokoe huyo mwizi?" mzee mmoja alifoka.

Peterson akachukua kipaza sauti kwa unyenyekevu mwingi. "Watu wangu, tutulie. Muturi yuko ndani. Hapa hakuna hatari. Cucu hatutamwacha peke yake." Wakampigia makofi.

Jepleting alitamani kumzaba kofi pale pale. Badala yake alimvuta Chifu Kang'ethe pembeni. Walikubaliana upesi: watoto na wakongwe wapandishwe kanisani wakidanganywa na mkate, madereva wakae ndani ya magari, na yeye akipuliza filimbi, chifu asibembeleze mtu. Kisha akachukua viti viwili, akaviweka kando ya zizi, pale ng'ombe alipoangukia, vikitazama korongo.

"Bwana mwenyekiti," alisema. "Njoo tuongee kidogo."

Peterson alikuja. Watu walikuwa wakitazama, na mtu wa heshima haitwi na polisi akakataa.

"Rudia ulichoona."

"Madam, niliandikisha."

"Rudia tu. Mimi kichwa changu ni kigumu."

"Niliamka mapema. Nikaona moshi wa kijani kwa Muturi. Ukapanda mpaka hapa."

"Ulilala kwa nyumba ya shamba?"

"Ndio."

"Baridi ilikuwaje?"

"Ya kawaida."

"Viazi vyako vya korongoni vimechomwa na barafu. Majani yote meusi. Vya kila mtu huku chini vimeungua usiku huo huo. Wewe mkulima umeamka hapo katikati, hukuona?"

Peterson aliizungusha kofia magotini. "Sikuangalia viazi. Niliangalia moshi."

"Basi tuangalie moshi."

Alimwonyesha mafiga. Jua lilikuwa bado limekalia ukingo wa magharibi, na moshi wa kuni uliinama kuelekea juu, ukipanda korongo.

"Unaona? Hivyo ndivyo," Peterson alisema kwa haraka. "Unapanda. Ndivyo nilivyosema."

"Ndivyo. Tukae tuendelee kuuangalia."

Wakakaa. Jepleting, asiyejua kukaa, alijibana kwenye kile kiti huku miguu ikimwasha. Kama Linah amekosea, kesho Muturi angekuwa kortini na yadi ikiwa majivu. Kama Linah hakukosea na yeye akachelewa kidogo tu, angezika watu. Alishika filimbi mfukoni mpaka ikalowa jasho.

Jua lilizama. Kivuli kilifunika senta, kikapanda mpaka miguuni mwao. Mtu alianzisha wimbo wa kanisa na akina mama wakauitikia. Moshi uliacha kuinama, ukasimama wima.

"Sasa unaenda wapi?" Jepleting aliuliza.

"Umesimama."

"Ngoja kidogo."

"Madam, nina kazi ya kamati."

"Kamati iko hapa. Kaa."

Mama mmoja aliyevaa kitambaa cha ushirika wa akina mama alikuja na birika. Alikuwa Lynn, mke wa Peterson, macho yamevimba kwa kulia. Alimmiminia Jepleting, akamgeukia mumewe.

"Baba Tabby, mbona unatoka jasho na kumekuwa baridi hivi?"

"Rudi nyumbani, Mama Tabby. Umechoka. Chukua gari."

"Nitaendaje na wenzangu wamekaa?" Lynn alishangaa. Akarudi kuketi na wenzake kwenye mkeka, mdomoni kabisa mwa korongo, mgongo umeelekea juu.

Hilo Jepleting hakulipanga, na halikumfurahisha. Lakini alimwona Peterson akimfuata mkewe kwa macho, akamwacha Lynn akae.

Ubaridi ulikuja kwanza vifundoni. Halafu moshi ukayumba, kama mtu anayeamua, ukalala kuelekea chini. Ukatambaa juu ya vichwa vya akina mama, ukapita zizini, ukawaingia Jepleting na Peterson machoni, ukaendelea kushuka kwa Muturi.

"Sasa uniambie, mzee," Jepleting alisema kwa sauti ya chini. "Alfajiri hewa iko hivi hivi. Moshi wako wa kijani ulipandaje?"

Peterson hakumsikia. Alikuwa amesimama. Hakuutazama moshi wala inspekta. Alitazama gizani juu ya mkeka, pale korongo linapokunja kona.

"Hawa watu waende," alisema.

"Kwa nini? Umewaambia hakuna hatari."

"Waende, madam! Tafadhali!"

"Mtungi uko wapi?"

Peterson akautazama mkeka tena. Jepleting aliitoa filimbi. Subira ilikuwa imekwisha. Kama hasemi, yeye angepuliza sasa hivi na mtungi ukabaki popote ulipo.

"Lynn!" Peterson alipiga ukelele, na wimbo ukakatika katikati. "Toka hapo! Tokeni wote! Uko kwa shimo la sileji! Hapo juu, hapo kwa kona! Valvu haifungi, nimejaribu, haifungi!"

Filimbi ikalia. Chifu Kang'ethe hakubembeleza mtu. Viti vilipinduka, sufuria ya githeri ikamwagika, magari yakanguruma, na wale vijana wa jerikani wakabeba wagonjwa na wanene mgongoni kuwapandisha barabarani. Jepleting alimtupia Kipngetich mahali pa shimo kwa redio, akaongeza kwamba wanaovaa barakoa za hewa peke yao ndio wasogee. Kisha akamfunga Peterson pingu, na Peterson akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Niliununua wa kuoshea karoti," alisema upesi upesi, kama anayetapika. "Ulianza kuvuja usiku, mtu wa banda akanipigia. Jana nikaushusha huku kwa trela, nikaufunika na nailoni na udongo. Nilifikiri udongo utaushika, madam. Nilifikiri nitauondoa baada ya mazishi."

Uwanja ulikuwa umebaki mtupu. Lynn peke yake hakukimbia. Alikuja polepole akishuka mteremko, birika bado mkononi, akasimama mbele ya mumewe, akaitazama pingu, akamtazama usoni.

"Mtungi ulikuwa hapo juu tangu jana?" aliuliza.

Peterson aliinamisha kichwa.

"Jana jioni ulinileta hapa na gari yako mwenyewe. Ukaniambia nilale na wafiwa, niwape nguvu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Baba Tabby. Nililala hapa."

Jepleting alimshika Lynn mkono kumwondoa, mkono mwingine ukivuta pingu ya Peterson, maana harufu ya kwanza, kali, ya kuwasha koo, ilikuwa imeshafika zizini. Lynn alikubali kuongozwa. Aliliweka birika chini, kwenye nyasi, miguuni mwa mumewe, akapanda kuelekea kanisani na wengine.